Bega la Nyuma

Kasenga, tarehe 18 Januari 1970

Mpwa wangu Benoît,

Nakusalimu wewe, mkeo Georgette na watoto wenu wanne. Sisi huku tuko wazima. Mvua ni nyingi mno, na mto Luapula umepanda hadi kwenye mabanda ya kukaushia samaki. Mama yako Rosalie, dada yangu, anakula vizuri. Kila asubuhi anagombana nami juu ya kuku wawili wekundu ambao anadai ni wake, ingawa wanalala katika banda langu na wanakula mahindi yangu.

Nimesikia kwa Théodore, dereva wa lori la samaki, kwamba umeumia mgongo kazini na umelazwa. Pole. Neno hilo likishasemwa mara moja linatosha.

Nilifundisha miaka thelathini na moja nikiwa nimesimama. Nilifundisha nikiwa na homa, na mwaka ule nilipovunjika kidole cha mguu nilifundisha pia. Sikuulizi ajali ilivyotokea. Ajali ni ajali, na maelezo marefu hutolewa na mtu anayetafuta sababu ya kuendelea kulala. Nataka kujua jambo moja tu: utarudi kazini lini? Niandikie tarehe.

Mama yako sijamwambia. Hajui kusoma, hivyo atajua yale nitakayomsomea.

Mimi mjomba wako,
Hilaire

*

Panda, Likasi, tarehe 8 Februari 1970

Mjomba Hilaire,

Salamu zangu za heshima zikufikie wewe pamoja na Mama. Georgette anakusalimu. Watoto wanakwenda shule, na wa tatu ameng'oka jino la mbele. Jirani yetu Philippe amepata mapacha, na kambi nzima ya wafanyakazi imeimba kwake siku tatu zile nyimbo za matusi za mapacha ambazo wewe huzipendi.

Umeomba tarehe. Sina. Hospitali nilikaa wiki tatu. Sasa niko nyumbani na plasta kutoka kwapani hadi kiunoni, kama mtungi uliovikwa shati. Godoro nimekatazwa. Georgette aling'oa mlango wa chumba cha watoto, akauweka juu ya matofali, nami nalala juu yake. Viatu navalishwa na binti yangu wa kwanza. Nikipiga chafya naona giza. Ili niinuke, nageuka kwanza ubavu, nashusha miguu, kisha Georgette ananivuta kwa mikono yote miwili na kunitania: «Inuka basi, chef! Bantu yote ya Panda banaenda ku kazi, weye uko unahesabu misumari ya dari!» Tunacheka, na kucheka nako kunauma.

Wewe hukuuliza ilivyotokea. Nitaandika tu yale niliyomwambia kapita Étienne, msimamizi wetu. Tulikuwa tunabeba bamba la chuma la kufunikia kwa ndani kinu cha kusagia mawe ya madini. Unajua kazi hiyo: bamba linaning'inizwa kwa mnyororo kwenye mpiko, ule mti wa mabegani, na watu wawili wanaubeba, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nilikuwa mbele. Nilisema kwamba nimeteleza.

Nilidhani kuteleza ni ajali kama nyingine. Kumbe sakafu ilikuwa kavu, na karani akaandika «uzembe wa mfanyakazi». Kamati ya ajali itakaa tarehe 12 Mei. Wakilishika neno hilo nitafukuzwa, na nyumba hii ya kambi tutaiacha kwa siku thelathini. Mgongo huu hautabeba chuma tena. Lakini mtu ambaye ajali yake imekubaliwa hupewa kazi ya kukaa, getini au katika chumba cha taa, na nyumba hanyang'anywi.

Katika kamati hiyo yumo Joachim, uliyemfundisha darasa la nne na la tano. Anakuogopa hata leo. Mwandikie mistari miwili tu, kwamba unanijua tangu utotoni na kwamba mimi si mzembe. Siombi kingine.

Augustin mwanao hajambo. Tulikuwa zamu moja, kama unavyojua. Hajafika kuniona.

Mpwa wako,
Benoît

*

Kasenga, tarehe 1 Machi 1970

Mpwa wangu Benoît,

Tumepata salamu zako. Mihogo imeoza shambani kwa maji. Mama yako alikohoa wiki moja, sasa amepona. Nimemsomea habari za mapacha na za jino, naye alifurahi.

Sitamwandikia Joachim. Wewe mwenyewe umekiri mbele ya kapita kwamba uliteleza. Niandike nini zaidi? Kwamba hukuteleza? Sijawahi kutia sahihi jambo nisilolijua, na sitaanza nikiwa na umri wa miaka sitini na nne. Mtu mzima akitamka neno, aishi nalo.

Sasa sikiliza shauri langu. Augustin amechumbia. Msichana anaitwa Simone, wa familia ya Kikatoliki ya Kikula, na harusi itakuwa mwezi wa Julai. Augustin amepanga chumba kimoja huko Kikula, na bati lake linavuja juu ya kitanda. Wewe una vyumba vitatu ndani ya kambi, na kwa maneno yako mwenyewe hutabeba tena. Kabla hawajakutoa, jitoe. Nenda kwa mkuu wa kambi, umwombe amwandike Augustin mahali pako, nyumba ibaki mikononi mwetu. Kisha mje Kasenga. Kulala kunawezekana huku pia.

Usifikiri kwamba nakudharau. Wewe ni mtoto wa dada yangu, nami ndiye niliyekulea. Kwa desturi ya ukoo wetu, siku nitakapokufa wewe ndiye utakayevishwa mkanda wangu na kuitwa kwa jina langu, si Augustin. Ndiyo maana naona aibu. Mtu atakayeitwa Hilaire hawezi kuandikwa mzembe katika faili. Afadhali aondoke mwenyewe kwa miguu yake.

Tarehe niliyokuomba bado sijaiona.

Mjomba wako,
Hilaire

*

Panda, tarehe 27 Machi 1970

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Mama. Watoto ni wazima. Pasaka ni keshokutwa, na Georgette ameuza kitambaa chake kizuri ili wapate viatu vya kwenda misani. Habari za nyumbani zinaishia hapo.

Ulisema nitoke kwa miguu yangu. Nikueleze miguu yangu ilivyotumika mwezi huu. Tarehe 14 alipita mgeni mkubwa wa serikali. Katibu wa chama wa mtaa wetu alikwenda mlango kwa mlango: kila mtu barabarani, hata wagonjwa. Nilimwonyesha plasta. Akaigonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi, akasema: «Hii iko nguvu sana, papa. Itakusimamisha yenyewe.» Asiyekwenda huandikwa, na wewe wajua maana yake. Nikasimama kando ya barabara tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, Georgette upande mmoja na Philippe upande wa pili, wakinishika chini ya kwapa. Magari yalipopita nilipiga makofi. Niliporudi walinibeba.

Basi, nimeandikwa hata hivyo. Mtu wa ofisini aliniona. Katika faili langu pameongezwa mstari: mgonjwa husimama kwa saa nne na kushangilia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Augustin alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu Januari. Alikuja na mchumba wake Simone na kamba yenye mafundo ya kupimia. Chumbani kwangu hakuingia. Lakini kwa kuwa mlango mmoja wa nyumba nimeulalia, nilisikia kila neno.

«Kitanda itaingia hapa,» Simone akasema. «Lakini mulango ya hii chumba iko wapi?»

«Mulango bwana yangu analalia,» Georgette akamjibu. «Ngoja akufe kwanza, mutabeba mulango na maiti pamoja.»

Augustin akacheka kidogo. «Ah, shemeji, usikasirike. Ni baba njo alisema tupime.»

«Baba yako alisema upime nyumba. Na siku ya bamba, baba yako alisema nini?»

Hapo nilisikia Augustin akikunja kamba. Simone akamwuliza: «Bamba gani?» Wakaondoka bila kunywa hata maji.

Mjomba, mimi sikumwambia Georgette kitu. Aliyasikia bombani, wanawake wanapongoja maji. Hata kwako sisemi, kwa sababu naijua heshima. Nakuomba tu umuulize mwanao swali moja: siku ile, bega la nyuma lilikuwa la nani?

Nyumba sitoi. Nangoja barua yako kwa Joachim.

Benoît

*

Kasenga, tarehe 3 Mei 1970

Benoît,

Salamu kwa mkeo na watoto. Mvua zimekwisha. Mama yako hajambo, ila anauliza kwa nini barua zako zimekuwa fupi. Namsomea salamu, na salamu zako ni chache.

Nimechelewa kujibu kwa sababu daraja lilichukuliwa na maji, na lori la Théodore halikuweza kupita mwezi mzima wa Aprili.

Umesimama saa nne barabarani. Umeliandika hilo kwa mkono wako mwenyewe. Mtu anayeweza kusimama saa nne akipiga makofi hawezi kunidai barua ya huruma. Mkeo naye anamtukana mgeni ndani ya nyumba na kutaja maiti mbele ya mchumba. Mwambie kwamba niliyasoma hayo na kwamba sikupendezwa.

Ama kuhusu Augustin, umeanza kurusha vijembe kama wauza dagaa. Sikiliza. Hata kama palikuwa na mchezo kazini, na hata kama alitoa bega, ninyi ni mtoto wa kaka na mtoto wa dada, watani tangu kuzaliwa. Nilikufundisha kabla hujajua kusoma: binamu anaweza kukutukana, kukuvua kofia, kukunyang'anya chakula kinywani, na wewe hukasiriki wala humpeleki mbele ya wazee. Ukimshitaki mtani umejivua ukoo. Wazee wetu hawapelekewi kesi ya namna hiyo, na kamati ya Wazungu na makarani haitapelekewa pia.

Nyamaza kama ulivyonyamaza. Hilo ndilo tendo pekee la kiume ulilolifanya mwaka huu.

Hilaire

*

Panda, tarehe 17 Mei 1970

Mjomba,

Watoto ni wazima. Plasta imekatwa tarehe 5, na sasa nimefungwa mkanda wa ngozi na vyuma. Natembea na fimbo kutoka kitandani hadi bombani, na kurudi. Kamati haikukaa tarehe 12 kwa sababu mwenyekiti aliitwa Lubumbashi. Itakaa tarehe 23 Juni, na haitaahirishwa tena.

Sasa tusome pamoja, kama ulivyotusomesha. Chukua barua zangu mbili. Tafuta humo neno «mchezo». Halimo. Tafuta «kutoa bega». Halimo. Niliuliza tu bega la nyuma lilikuwa la nani. Kwamba bega hilo lilitolewa, na kwa mchezo, umeandika wewe. Nani alikuambia?

Théodore hakukuambia. Nimemwuliza. Januari alijua tu kwamba nimelazwa. Nilimwuliza na habari za daraja pia. Alipita hapa na samaki tarehe 11 Aprili, akapita tena tarehe 25, na mara zote mbili alitoka Kasenga.

Kwa hiyo tusidanganyane. Augustin alikuandikia. Hukuuliza ilivyotokea kwa sababu ulikuwa umeshaambiwa.

Sasa nitasema, maana kunyamaza kwangu umekugeuza kuwa nyumba ya mwanao. Mimi na Augustin tulikuwa na mchezo wetu. Tukirudi kutoka kinuni na mpiko mtupu, mmoja anatoa bega ghafla, mti unampiga mwenzake kisigino, watu wanacheka. Nilimfanyia, akanifanyia. Kila mtu katika zamu alijua kwamba sisi ni mufyala na mufyala, binamu watani, na hapakuwa na neno. Tarehe 5 Januari mpiko haukuwa mtupu. Bamba lilikuwa limening'inia bado. Kapita Étienne aligeuka kumwita fundi, na Augustin akaona watu wawili wanatutazama. Akasema kwa sauti: «Beba peke yako, mufyala! Banamuke ya Kasenga banabeba kupita weye!» Akatoa bega.

Bamba lilimwelekea mtu aliyechuchumaa mbele yangu. Nilijipinda ili lisimwangukie. Nilisikia kitu kikikatika, nikadhani ni mnyororo.

Nikiwa bado sakafuni, Augustin aliinama sikioni kwangu. Unajua alisema nini? Hakusema pole. Alisema: «Sema umeteleza.» Nami nikasema. Ni mtani wangu, tena ni mwanao, tena mimi ndiye niliyemwombea ile kazi. Wale wawili waliotutazama wamefunga midomo, kwa sababu aliyecheka naye hufukuzwa. Nilidhani atakuja kuniinua, kunishika mkono, hata kunitukana tu hapa mlangoni kama watani wanavyofanya mmoja wao akiugua. Alikuja na kamba.

Barua yake unayo. Wewe hutupi karatasi. Msomee Mama barua yangu hii, yote, si salamu tu.

Benoît

*

Kasenga, tarehe 14 Juni 1970

Benoît,

Sina salamu za kuandika. Mama yako anayekuletea barua hii atakupa za kwake.

Kweli, nilijua. Augustin aliniandikia tarehe 7 Januari, siku mbili baada ya tukio. Aliandika kila kitu: mpiko, maneno aliyotamka, na yale aliyokunong'oneza. Aliniuliza afanye nini. Nilimjibu anyamaze. Kisha nikakuandikia wewe barua ya kwanza.

Hutapata kwangu maneno ya kujitetea. Utapata maelezo, kwa sababu nina deni la kueleza vizuri. Ukoo wetu unasema kwamba mtoto wa dada ndiye damu ya mtu, na mtoto wake mwenyewe ni wa ukoo wa mkewe. Mimi nilikwenda shule ya mapadri nikafundishwa kwamba mtoto ni wa babaye. Kwa miaka arobaini nilitumia sheria zote mbili, kila moja mahali pake, na sikuona ugomvi. Januari nililazimika kuchagua, nikamchagua Augustin. Kisha nikaitumia sheria ya watani kukuziba mdomo, na sheria ya urithi kukuaibisha. Nilizijua zote na nilizitumia vibaya.

Unadhani nimebadilika kwa barua yako. Sikubadilika. Barua yako niliiweka ndani ya kitabu sandukuni na kumsomea mama yako habari za mkanda wa ngozi. Akasema: «Kurasa tatu, mkanda mmoja?» Siku iliyofuata, nilipokuwa kanisani, alifungua sanduku langu. Hakujua ipi ni ipi, hivyo alibeba karatasi zote kwenye kanga hadi kwa mtawa Émérence, akamwambia asome. Émérence alisoma kwa sauti hadi mchana, ya Augustin pamoja na zako.

Aliporudi hakunipigia kelele. Aliketi mlangoni na kuniita kaka kama tulipokuwa watoto: «Yaya, ile mutoto ulilea ni ya nani?» Tangu siku hiyo hajala chakula nilichopika mimi wala mke wangu. Anapika nje, juu ya mawe matatu, watu wakipita na kutazama.

Ndani ya bahasha hii imo barua ya Augustin, kwa mwandiko wake, yenye tarehe na sahihi yake. Imo pia karatasi yangu kwa Joachim, ya mistari miwili kama ulivyoomba. Nimeandika kwamba nilijua na nilificha. Ukizipeleka, mwanangu atafukuzwa. Najua ninachokupa. Usinishukuru. Tena usiniandikie kwamba umenisamehe, sitasoma.

Hilaire

*

Panda, tarehe 5 Julai 1970

Kwa Mwalimu Hilaire, Kasenga.

Mama alifika tarehe 19 Juni kwenye lori la Théodore, ameketi mbele, na bahasha ameishonea ndani ya blauzi. Hakukubali Georgette aifungue kwa kisu. Alifumua uzi kwa meno yake.

Tarehe 21 nilikwenda Kikula kwa Augustin. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mzima. Mimi nilitumia saa moja na nusu, nikipumzika kwenye kila jiwe. Nilimkuta anapaka rangi kitanda kipya. Nilimwonyesha barua yake, nikaishika mbali na mkono wake.

«Ni baba njo alikupa hii?» akauliza. Akauliza mara mbili.

Nikamwambia ana siku moja. Aende kwa kamati mwenyewe aseme, nami nitairudisha karatasi ile mfukoni, na nitamwombea asifukuzwe. Alitazama kitanda chake. Kisha akajaribu kucheka: «Mufyala, unanipeleka kweli? Ile ilikuwa utani tu.»

Nikamwambia: «Mpiko ukiwa mtupu, ni utani.»

Hakwenda. Nilimngoja hadi asubuhi ya tarehe 23, nimeketi kwenye ngazi ya ofisi. Joachim aliponiona alinipisha kiti chake. Aliusoma mwandiko wako akiwa amesimama, kama darasani. Neno «uzembe» limefutwa katika faili langu na limehamia katika faili la mwanao. Amefukuzwa siku hiyohiyo. Wale wawili waliocheka wamehojiwa na kuachwa. Simone amerudisha pete. Alimwambia Georgette kwamba hakujua habari ya bamba, nasi tunamwamini. Augustin atarudi Kasenga kwa lori linaloleta barua hii. Kitanda amekiuza.

Mimi naanza kazi Jumatatu katika chumba cha taa. Nitapokea taa za watu wanaotoka na kuwapa wanaoingia, nimeketi. Mgongo umepinda kushoto, na daktari anasema utabaki hivyo. Nyumba ni yetu. Jana Philippe alirudisha mlango wa watoto kwenye bawaba zake. Unagonga kidogo kwa chini, maana umepata umbo langu.

Umesema nisikuandikie kwamba nimekusamehe. Sikuandikii hilo. Nakuandikia jambo lingine, mapema, ili wazee wasihangaike siku yenyewe itakapofika. Utakapokufa wataniita nivae mkanda wako na kuitwa kwa jina lako. Sitakuja. Ulichagua mtoto wako Januari. Basi na jina lako mpe yeye. Litamfaa, maana amebaki bila kitu kingine.

Mama atakaa hapa. Yupo ameketi mbele yangu, anachambua mchele. Nimemsomea barua hii yote tangu tarehe hadi hapa, bila kuruka neno. Nimemwuliza kama ana salamu za kukutumia. Amefikiri kidogo, akasema niandike kwamba wale kuku wawili wekundu ni wake, na kwamba umpe Théodore awalete Jumamosi, wote wawili, wazima.

Benoît